Maisha ya George Stephenson, Fundi wa Injini za Moshi

1. Reli mbili za Kilosa

Mtu wa Dumila atakaye kuona reli hufuata njia ya Rudewa hata Kilosa. Huko zipo reli mbili. Ya kwanza ni ya zamani. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na mwaka 1914 ikafika Kigoma penye ziwa Tanganyika. Ilijengwa kwa mikono ya Waafrika wengi sana, ambao wengi wao hatuyajui majina yao. Nafasi iliyo kati ya vyuma vyake viwili ni mita 1. Reli ya pili ni mpya. Treni zake huenda kwa nguvu ya umeme, nazo zilianza safari za Dar es Salaam mpaka Dodoma mwaka 2024. Nafasi ya vyuma vyake ni milimita 1435.

Kipimo hiki cha pili humshangaza mwanafunzi ajuaye hesabu. Kwa nini 1435, wala si 1400 au 1500? Sababu yake ni kwamba kipimo hiki hakikutoka katika mita. Kilitoka katika futi na inchi za Kiingereza, nacho ni futi 4 na inchi 8 na nusu. Kilianza katika njia za magari ya makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza, na aliyekieneza ni mtu mmoja aliyezaliwa katika nyumba ya kimaskini, ambaye alifika umri wa miaka 18 kabla hajajua kusoma. Jina lake George Stephenson. Habari za maisha yake ndizo tutakazosoma sasa.

2. Mtoto wa mchochea moto

George Stephenson alizaliwa tarehe 9 Juni mwaka 1781 katika kijiji cha Wylam, karibu na mji wa Newcastle. Baba yake, Robert, alikuwa mchochea moto wa mtambo uliovuta maji katika shimo la makaa ya mawe. Ujira wake ulikuwa shilingi 12 kwa juma, na kwa fedha hizo alilisha watu wa nyumba nzima. Yeye na mkewe, Mabel, hawakujua kusoma wala kuandika, wala hawakuwa na fedha ya kumpeleka mtoto shule.

Mbele ya mlango wao ilipita njia iliyotandikwa mbao, na juu yake farasi walikokota magari yaliyojaa makaa kwenda mtoni. Watoto wa nyumba ile walionywa kila siku wasikanyagwe. Basi tangu utoto wake George aliona mambo mawili ambayo hakuyasahau: mtambo uendao kwa mvuke, na magari yaendayo juu ya njia yake yenyewe. Lakini mambo hayo mawili yalikuwa mbalimbali. Mtambo ulikaa mahali pamoja, na magari yalikokotwa na wanyama.

Alipokuwa mdogo alichunga ng'ombe wa mjane mmoja kwa ujira wa peni 2 kwa siku. Huko machungani alifinyanga mitambo ya udongo, akaitilia mabua yawe mabomba. Baadaye akafanya kazi ya kuokota mawe katika makaa, kisha akawa msaidizi wa baba yake katika kuchochea moto. Alipopata miaka 17 alipewa kazi ya kuangalia mtambo, akawa mkubwa kazini kuliko baba yake.

Vijana wengine waliokuwa na kazi kama ile waliutazama mtambo ukienda, wakaona yatosha. George hakufanya hivyo. Siku za Jumamosi jioni, wenzake walipokwenda kustarehe, yeye aliufungua mtambo wake kipande kwa kipande, akausafisha, akakitazama kila chuma ajue kazi yake, kisha akaufunga tena. Alifanya hivyo ijapokuwa mtambo haukuharibika. Kwa hiyo siku ulipoharibika hakuwa na haja ya kumwita fundi.

3. Shule ya usiku

Alisikia ya kuwa habari za mitambo ya fundi mkuu James Watt zimeandikwa katika vitabu. Vitabu hivyo kwake vilikuwa kama sanduku lililofungwa, na ufunguo hanao. Ndipo alipoazimu kujifunza. Akiwa na miaka 18 alikwenda shule ya usiku baada ya kazi ya saa 12, akakaa pamoja na watoto wadogo, akajifunza herufi moja moja. Alipotimiza miaka 19 aliweza kuandika jina lake. Hesabu alizifanya kwa makaa na kibao kando ya mtambo, kila alipopata nafasi.

Mwaka 1802 alimwoa Frances Henderson, na mwaka 1803 wakapata mwana, wakamwita Robert kwa jina la babu yake. Ujira ulikuwa mdogo, kwa hiyo George alishona viatu vya wafanyakazi wenzake jioni. Siku moja dohani ya nyumba yao iliwaka moto, majirani wakamwaga maji, na saa yao ya ukutani ikajaa masizi na mvuke, ikasimama. Fundi wa saa angetaka fedha nyingi. George akaifungua mwenyewe, akasafisha magurudumu yake, akairudisha pamoja, nayo ikaenda. Tangu siku hiyo watu wa kijiji walimletea saa zao zilizokufa, naye akazifufua kwa malipo kidogo.

Kisha zikaja siku za huzuni. Walihamia Killingworth, na huko binti yao mchanga akafa mwaka 1805. Mwaka uliofuata mkewe naye akafa kwa kifua kikuu. George alimwacha mwanawe katika mikono ya watu aliowaamini, akaenda Scotland kwa miguu kutafuta kazi. Aliporudi alimkuta baba yake amepofuka, kwa kuwa mvuke ulimpiga usoni alipokuwa akitengeneza mtambo, na nyumba imejaa madeni. Akatoa akiba yake aliyoipata kwa jasho, akayalipa madeni, akawatunza wazazi wake. Hapo alikuwa maskini tena, hata akafikiri kuiacha nchi yake na kuhamia Marekani. Nauli hakuwa nayo, akabaki.

4. Mtambo uliowashinda mafundi

Katika Killingworth palichimbwa shimo jipya la makaa, jina lake High Pit. Chini mlijaa maji, na bila kuyatoa maji hakuna mtu awezaye kuchimba. Wenye shimo walinunua mtambo mkubwa wa kuvuta maji, wakaufunga. Mtambo ukaenda mchana na usiku kwa muda wa mwaka mzima, lakini maji hayakupungua. Mafundi wa jirani wakaitwa mmoja mmoja, wakaangalia, wakagonga hapa na pale, wakaenda zao. Fedha za wenye shimo ziliteketea, na wachimbaji hawakuweza kushuka.

Ili tufahamu ugonjwa wa mtambo ule, yatupasa kwanza kujua jinsi ulivyofanya kazi. Palikuwa na silinda, yaani bomba nene la chuma lililosimama wima. Ndani yake mlikuwa na kizibo kilichopanda na kushuka, ndicho kiitwacho pistoni. Mvuke uliingia chini ya pistoni, na pistoni ikapanda. Kisha maji ya baridi yalirushwa ndani ya silinda. Mvuke ukapoa ghafula, ukageuka kuwa maji machache, na mahali ulipokuwapo pakabaki patupu. Hewa ya nje, ambayo ina uzito ingawa hatuuhisi, ikaisukuma pistoni chini kwa nguvu nyingi. Pistoni ilifungwa katika ncha moja ya boriti kubwa, na ncha ya pili ilishika fimbo ndefu za pampu. Kila pistoni iliposhuka, fimbo zilipanda na maji ya shimo.

Mwanafunzi anaweza kuiona nguvu hiyo kwa macho yake. Atie maji ya moto kidogo katika chupa ya plastiki, aitikise, ayamwage, aifunge upesi, kisha aimwagie maji ya baridi. Chupa itabonyea kana kwamba imekamatwa na mkono usioonekana. Mkono huo ni hewa.

George hakuwa fundi wa High Pit. Kazi yake ilikuwa katika shimo jingine. Lakini kila alipopata nafasi alikwenda kuutazama mtambo ule, akasikiliza pumzi zake, akaupima kwa macho. Akatambua ya kuwa bilula ya kurushia maji ya baridi ni ndogo mno, na tangi la maji hayo limewekwa chini mno, kwa hiyo maji yaliingia machache na bila nguvu. Mvuke haukupoa wote. Mahali palipopasa kuwa patupu palibaki mvuke, nao uliizuia pistoni isishuke kama ipasavyo. Mtambo ulichoka bure, kama mtu atwangaye maji katika kinu.

Habari zikamfikia msimamizi mkuu ya kwamba kijana Stephenson asema aweza kuuponya mtambo. Msimamizi alikuwa amekwisha kukata tamaa, akamwita, akampa ruhusa mwaka 1811. George akaomba jambo moja tu, achague mwenyewe watu wa kumsaidia. Alijua kwamba mafundi walioshindwa wangeona haya kumwona mshona viatu akifaulu, na mtu aonaye haya hafanyi kazi kwa moyo.

Akaufungua mtambo kwa muda wa siku chache. Tangi la maji akalipandisha kiasi cha futi 10, ili maji yashuke kwa nguvu. Bilula akaipanua ikawa karibu mara mbili ya ilivyokuwa. Nguvu ya mvuke nayo akaiongeza. Watu wakaja kutazama, na wengine walingoja kucheka. Mtambo ulipowashwa ulitikisika na kupiga kishindo, hata wakadhani nyumba itaanguka, kwa sababu maji yaliyokuwa juu ya pampu yalikuwa bado mepesi kwa nguvu ile mpya. Kisha ukatulia ukashika kazi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Usiku maji yalianza kushuka. Alhamisi kutwa mtambo haukupumzika, na Ijumaa wachimbaji wakatelemka mpaka chini ya shimo, wakasimama pakavu.

Wenye shimo walimpa zawadi ya pauni 10. Lakini faida kubwa ilikuwa nyingine. Mwaka 1812 walimfanya fundi mkuu wa mitambo ya mashimo yao yote, kwa mshahara wa pauni 100 kwa mwaka. Mtambo mbovu ndio uliomfungulia mlango.

5. Baba na mwana

George hakusahau tabu aliyoipata kwa kukosa shule. Alimpeleka mwanawe Robert katika shule nzuri ya Newcastle, akamnunulia punda wa kupanda, kwa kuwa njia ilikuwa ndefu. Jioni Robert aliporudi, baba na mwana walikaa pamoja mezani, na mwana akamfundisha baba yale aliyofundishwa. Mwaka 1816 walitengeneza pamoja saa ya jua wakaiweka juu ya mlango wao. Baba hakuona aibu kufundishwa na mtoto wake, na mtoto hakumdharau baba yake kwa kutojua.

Katika siku hizo jambo moja lilimwogopesha kila mchimbaji. Chini ya mashimo hutoka hewa iwakayo moto, na taa ya mchimbaji ikiigusa hupasuka kwa kishindo. Mwaka 1812 watu 92 walikufa kwa namna hiyo katika shimo la Felling, si mbali na Killingworth. Mwaka 1815 George alitengeneza taa isiyowasha hewa hiyo, akashuka nayo mwenyewe mahali pa hatari ili kuijaribu. Mwaka uo huo mtaalamu Humphry Davy wa London naye alitengeneza taa ya namna yake. Wakubwa wengi hawakusadiki ya kuwa mtu asiye na elimu ya chuo aweza kuvumbua kitu kama hicho, wakamshutumu George kuwa ameiba. Mwaka 1833 kamati ya Bunge ilikiri kwamba wote wawili walistahili sifa.

6. Mtambo upewao magurudumu

Stephenson hakuwa mtu wa kwanza kutia mvuke juu ya magurudumu. Mwaka 1804 Richard Trevithick aliendesha injini ya reli katika nchi ya Wales, na mwaka 1813 injini nyingine ilikuwa ikifanya kazi Wylam, alikozaliwa Stephenson. Lakini injini za kwanza zilikuwa nzito, zilivunja njia zao, au ziliharibika mara kwa mara, hata wenye mashimo wakaona heri farasi.

Stephenson alizitazama kama alivyoutazama mtambo wa High Pit, akiuliza kila chuma kasoro yake ni nini. Mwaka 1814 alimaliza injini yake ya kwanza, ikaitwa Blücher. Iliweza kuvuta tani 30 kupandia mlima mdogo kwa mwendo wa maili 4 kwa saa, yaani mwendo wa mtu aendaye kwa miguu upesi. Mwendo huo haukumridhisha. Akaendelea kutengeneza nyingine, na kila moja ilikuwa na kasoro chache kuliko iliyotangulia. Akatambua pia ya kuwa haifai kuitengeneza injini na kuisahau njia yake. Injini na reli ni kama mguu na kiatu.

Mwaka 1821 bwana Edward Pease na wenziwe walipata ruhusa ya kujenga reli kutoka mashimo ya makaa kupita Darlington mpaka Stockton. Nia yao ilikuwa kutumia farasi. Stephenson akamkaribisha Pease Killingworth aone injini kwa macho yake, na Pease akabadili shauri. Hapo Stephenson alionyesha uaminifu wake. Yeye na mwenzake walikuwa na haki ya kuuza namna yao ya reli za chuma cha kalibu, na kila reli ingemletea faida. Lakini alikwisha kuona ya kuwa reli za chuma kilichofuliwa, za fundi mwingine, hazivunjiki upesi. Akamshauri Pease anunue hizo. Alikosa fedha, akagombana na mwenzake, lakini njia ikawa imara.

Mwaka 1823 Stephenson, mwanawe na Pease walianzisha karakana ya injini katika Newcastle. Tarehe 27 Septemba mwaka 1825 reli ikafunguliwa. Stephenson mwenyewe aliiendesha injini iliyoitwa Locomotion, ikavuta magari ya makaa na unga pamoja na watu zaidi ya 400, na mahali pengine ilikwenda maili 15 kwa saa. Injini hii nayo iliwahi kuharibika vibaya. Mwaka 1828 boila yake, yaani pipa la chuma la kuchemshia maji, ilipasuka ikamwua dereva wake. Mafundi wakaitengeneza upya, ikarudi kazini, na mwaka 1857 ikawekwa mahali pa heshima ili watu waione.

7. Tope la Chat Moss

Kazi iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi, reli ya kuunga miji ya Liverpool na Manchester. Mwaka 1825 Stephenson aliitwa mbele ya kamati ya Bunge aeleze mpango wake. Wenye mashamba na wenye mifereji walileta mawakili hodari. Wakacheka matamshi yake ya kikabila, wakamwuliza maswali mpaka akababaika. Lililo baya zaidi, walionyesha ya kuwa vipimo vya ardhi vilivyofanywa na wasaidizi wake vilikuwa na makosa. Naye hakuwa amevihakiki. Mpango ukakataliwa. Wengine wangekimbia kwa aibu, lakini yeye alijifunza. Mwaka 1826 mpango ulirudishwa baada ya vipimo vipya, Bunge likakubali, na Stephenson akapewa kazi ya kuijenga.

Njiani palikuwa na bwawa la matope liitwalo Chat Moss, upana wake maili kadha. Watu wa Dumila na Magole waujuao udongo mweusi wa mbuga ya Mkata wakati wa masika, unaomeza magurudumu ya malori, watafahamu taabu yake. Udongo uliomwagwa pale ulizama usionekane. Majuma yakapita, na kazi kana kwamba haikuanza. Wakurugenzi walikutana kushauriana kama waiache. Stephenson akawaomba waendelee. Akatandika juu ya tope vitanda vya matawi yaliyosukwa na majani makavu, akaweka mchanga na mawe juu yake, na reli juu ya hayo yote. Hakulipiga tope vita. Aliielea njia yake juu yake, kama jahazi lieleavyo juu ya maji. Nayo njia ikasimama, na mpaka leo treni hupita pale.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1829 wakurugenzi walifanya mashindano ya injini mahali paitwapo Rainhill, zawadi yake pauni 500. Injini ya Stephenson na mwanawe Robert iliitwa Rocket. Ndani ya boila yake palipitishwa mirija 25 ya shaba, na moto ukapita katika mirija hiyo yote, hata maji yakachemka upesi kuliko kupita bomba moja nene. Shauri la mirija lilitoka kwa Henry Booth, mwandishi wa kampuni, na Robert ndiye aliyeongoza utengenezaji. Watazamaji wengi waliipenda zaidi injini nyepesi iliyoitwa Novelty, lakini hiyo iliharibika njiani, na nyingine vilevile. Rocket peke yake ilimaliza safari zote zilizotakiwa, kiasi cha maili 70, na mwendo wake mkubwa ulikaribia maili 30 kwa saa.

Tarehe 15 Septemba mwaka 1830 reli ikafunguliwa kwa shangwe, lakini shangwe ilichanganyika na msiba. Mbunge mmoja mashuhuri, William Huskisson, alisimama njiani akagongwa na Rocket. Stephenson alimpakia haraka katika injini nyingine akampeleka kwa waganga kwa mwendo ambao haujapata kuonekana, lakini usiku huo Huskisson akafa. Hivyo siku ile ile watu walijifunza manufaa ya reli na hatari yake.

8. Mwisho wake

Baada ya hapo Stephenson aliitwa pande nyingi kujenga reli. Mwaka 1838 alihamia Tapton, karibu na mji wa Chesterfield, akalima bustani, akashindana na jirani zake kwa mananasi na matikiti. Alipewa nafasi ya kuwa na cheo cha heshima cha mfalme, akakataa. Mwaka 1847 mafundi wa mitambo walipoanzisha chama chao, walimchagua yeye awe rais wa kwanza. Alikufa tarehe 12 Agosti mwaka 1848, umri wake miaka 67, akazikwa katika kanisa la Utatu Mtakatifu, Chesterfield. Mwanawe Robert, aliyekuwa mhandisi mashuhuri, alimfuata mwaka 1859.

9. Kazi yake katika nchi yetu

Stephenson hakuona Afrika, lakini kazi ya namna yake ilifanyika hapa mara nyingi. Mwaka 1914 vipande vya meli ya Kijerumani Goetzen vilipelekwa Kigoma kwa reli ile ipitayo Kilosa, vikaunganishwa huko. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani walipokimbia waliizamisha meli hiyo. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake za mvuke mafuta mazito, zisiliwe na kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, wakakuta injini zaweza kutengenezwa. Mwaka 1927 ikarudi ziwani kwa jina jipya la Liemba. Mikono iliyopaka mafuta yale ilifanya kazi nzuri hata siku ya kushindwa.

Katika makumbusho ya reli ya Nairobi ziko injini za mvuke zilizotumika zamani katika Afrika ya Mashariki. Moja ni namba 5918, yenye jina la mlima wetu Gelai, iliyotengenezwa Manchester, mji ule ule wa reli ya Stephenson. Nyingine ni namba 3020, yenye jina la Wanyaturu. Injini hizi zilipokwisha kustaafu mafundi walizirudishia uhai, zikatoa moshi tena. Kazi hiyo haina haraka. Kwanza boila husafishwa magamba ya chumvi yaliyoshika ndani, na mirija mibovu hutolewa. Kisha boila hujazwa maji ya baridi na kusukumwa kwa nguvu kuliko ya mvuke wenyewe, kwa kuwa maji ya baridi yakipenya hulowesha tu, bali mvuke ukipenya huua. Viungo vyote hutiwa mafuta. Mwisho huwashwa moto mdogo, chuma kipate joto polepole. Mtu wa papara hawezi kazi hii.

Na kile kipimo cha milimita 1435? Magari ya makaa ya Killingworth yalikwenda katika njia ya kipimo kinachokaribia hicho. Stephenson alikichukua akakitumia Stockton na Liverpool, nusu ya inchi ikaongezwa ili magurudumu yasibanwe, na wengine wakamfuata, kwa sababu reli zenye kipimo kimoja zaweza kuungana. Basi treni mpya ipitapo katika wilaya ya Kilosa, hupita katika kipimo cha wachimba makaa wa Killingworth.

Watu wengi hukitupa kitu kilichoharibika, na wengine hukipiga teke. Stephenson alikifungua, akakisoma kama kitabu, hata alipokuwa bado hajui kusoma kitabu. Kisha, alipoona ya kuwa macho na mikono havitoshi, hakuona haya kukaa pamoja na watoto wadogo akajifunza herufi. Mwenye kuyapata yote mawili, elimu ya kitabu na elimu ya mkono, hupewa kazi hata na wale waliongoja kumcheka.

Maswali

1. Kwa nini mtambo wa High Pit haukuweza kutoa maji shimoni? Stephenson alibadili mambo gani?
2. Kwa nini Stephenson aliomba achague mwenyewe watu wa kumsaidia?
3. Alionyeshaje uaminifu wake kwa bwana Pease?
4. Eleza jinsi njia ilivyojengwa juu ya Chat Moss. Je, njia za kwenu zikiharibiwa na mvua hutengenezwaje?
5. Kwa nini boila ya zamani hujaribiwa kwa maji ya baridi kabla ya kuwashwa moto?